Mdomo wa Kiwandani

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Usishtuke kuona bahasha ukadhani kuna msiba. Mimi ni mzima, paa bado linavuja palepale juu ya kabati, na yule paka niliyeapa kumfukuza sasa analala kitandani kwangu. Shemeji hajambo na goti lake? Na binti yetu mwalimu, mimba imefika mwezi wa ngapi? Mwambie mama yake mdogo anamfumia mtoto kofia, ingawa mpaka sasa inafanana zaidi na soksi.

Naandika barua kwa sababu siku hizi simu zinaniumiza kichwa. Usikasirike nisipopokea. Ujumbe wa simu nao najua huusomi, na ukiusoma hujibu. Basi karatasi itatufaa sote wawili.

Sasa kaa chini. Nimepata kazi. Unajua kwa miaka thelathini na moja mimi ndiye yule mwanamke anayefungua mlango. Nimekuwa nesi, karani wa mahakama, jirani mmbeya, shangazi wa bwana harusi. Nimekufa mara nne kwenye televisheni, na mara zote nimekufa kabla ya matangazo. Watu wananisimamisha njiani wakisema sura yangu wanaijua, halafu wanakuna kichwa na kuniuliza kama niliwahi kuwafundisha darasa la tatu. Leo mtayarishaji mmoja ananitaka niwe mhusika mkuu. Mkuu, dada! Jina langu lianze, la wengine lifuate. Ni tamthilia ya vipindi ishirini na sita, kuhusu mjane mwenye duka la kufua nguo, anayefanya kazi na binti yake. Nina miaka hamsini na nane. Nilipotoka ofisini kwake nilikaa kwenye ngazi nikalia mpaka mlinzi akaniletea kiti.

Tunaanza kurekodi Juni. Televisheni yako bado ni mbovu?

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta miwani, na miwani alikuwa nayo shemeji yako, anaisomea gazeti kisha anakana. Goti lake linauma akiombwa kufanya kazi, akiitwa kula linapona. Binti yetu ana miezi sita, amevimba miguu na amejaa hasira. Hiyo kofia usiitume kabla haijafanana na kofia.

Hongera. Nasema hongera kwa moyo mmoja, usianze kuipekua kama ndani yake kuna kitu. Mama angekuwepo angetoka barabarani kuwatangazia wapita njia.

Televisheni ni mbovu, ndiyo. Mwaka huu ni wa ishirini na mbili, na unajua iliharibika lini. Iliharibika ulipocheza yule mwenye nyumba mkorofi, ukampa mwendo wangu wa kuegemea kushoto, ukampa na neno langu, "Nimeshasema, sirudii," nchi nzima ikavunjika mbavu. Mimi niliegemea kushoto kwa sababu ya miaka mingi ya kusimama katikati ya mitambo miwili ya kufuma, sikuwa nachekesha mtu. Tangu siku ile mpaka naacha kazi, miaka kumi na moja, nilipita lango la kiwanda nikiitwa Mama Sirudii. Hata msimamizi aliniandika hivyo kwenye orodha ya zamu. Na wewe hukuniomba radhi, ulisema tu, "Lakini dada, wanakupenda." Haya, yamepita, wala siyaleti tena.

Ila juzi nilikwenda kwa jirani kuazima pasi nikakukuta umo kwenye televisheni yake, karani wa hospitali, na gauni la kijani ambalo halikupendezi. Mgonjwa anakuuliza, wewe unamtazama mdomo, halafu ndipo unajibu. Niliona mara nne katika muda huo wa kuazima pasi. Wewe hukuwa mtu wa kuchelewa kujibu. Mama alikuwa akikugombeza unamjibu kabla hajamaliza. Unaumwa?

Dada yako

20 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo, na pole na shughuli za hapo nyumbani. Paka amezaa, na kabati nililokuambia linavujiwa ndilo alilolichagua. Sasa nguo zangu ziko kwenye viti na watoto wanne wako kwenye nguo.

Ile uliyoiona ni kazi, dada. Inaitwa kutulia kabla ya kujibu. Waigizaji vijana wanarukia maneno kama wanakimbiza basi, sisi wa zamani tunayaacha yapoe kwanza. Mwambie jirani yako akuazime pasi tena wiki ijayo, nitakuwa ndani ya teksi.

Ungeliona duka langu la kufua, tunamofanyia mazoezi, ungecheka. Kuta ni mbao, bomba halina maji, na mashati yaliyopangwa kwenye rafu yana karatasi ndani ili yaonekane mengi. Lakini mashine tatu ni za kweli na zinazunguka. Kila zinapowashwa mtu wa sauti anashika kichwa. Mwongozaji wetu ni kijana mpole kupita kiasi, anaongea kama anayeogopa kuamsha mtoto mchanga, tena akiwa nyuma ya kamera. Yule anayecheza binti yangu ana nywele nyingi zinazomfunika nusu ya uso. Ni msichana mzuri, ana bidii.

Mimi najikaza kisabuni. Nimeshika maneno yangu yote ya vipindi sita vya kwanza, na maneno ya wenzangu wote pia. Nimeyapaka rangi, yangu mekundu, ya binti bluu, ya wateja kijani. Mswada wangu unafanana na daftari la chekechea. Umewahi kuona mdogo wako ana bidii hivi?

Huku kwingine kote salama.

Mdogo wako

11 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Shemeji yako amenunua kitanda cha mtoto akakiunga mwenyewe, zimebaki skrubu saba na anasema ni za akiba. Binti yetu amekataa katakata mtoto wake kulazwa humo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mtu anayekariri maneno ya wenzake wote ana sababu. Mtu anayeacha kupokea simu, na zamani ukimpigia hakuachii hata nafasi ya kupumua, naye ana sababu. Na mtu anayezitazama nywele za mwenzake kwa kuwa zinaficha uso, huyo namjua vizuri sana, kwa sababu na mimi nilikuwa nachukia wanawake waliokuja zamu na vilemba vimeshuka mpaka kwenye midomo.

Nilikuambia nimeacha kiwanda kwa sababu ya miguu. Nilikudanganya. Sikio la kushoto lilikufa kabisa, la kulia linasikia likipenda. Mitambo mia mbili inavuma kwa zamu nzima, masikio yangepona kwa lipi? Nilinyamaza kwa sababu niliona aibu, na kwa sababu ningekuambia wewe, ungekwenda kuicheza.

Lakini sisi hatukuyategemea masikio. Unakumbuka nilivyokufundisha mdomo wa kiwandani ukiwa na miaka tisa? Sauti hutoi, neno unalivuta midomoni, nyusi zinauliza swali, mkono kifuani maana yake mimi. Mama alidhani tunanyamaza mezani kwa adabu, kumbe tunamsengenya yeye na chakula chake. Naona mdomo ule umeurudia. Vizuri. Basi kaa mwanga uwe nyuma yako umwangukie anayesema. Maneno mengine yanafanana midomoni, hapo tazama nyusi. Mwenye masharubu usimtegemee.

Na nenda kwa daktari wa masikio. Nimeshasema. Je, husikii?

Dada yako

6 Julai

Dada,

Shikamoo. Najua ni karibu miezi miwili. Nimeandika barua nne nikazichana.

Sisikii. Nimekuandikia mara moja, sitaki kurudia.

Daktari alisema masikio yote mawili, na yataendelea kushuka. Amenipa vifaa vya kuvaa masikioni. Kwenye chumba kimya vinasaidia kidogo, mashine zikiwashwa vinanimwagia kelele kichwani kama vikombe vinavunjwa. Sikumwambia mtu kazini. Nilivificha chini ya kilemba cha yule mjane nikaendelea na rangi zangu.

Wiki ya pili ya kurekodi nikaumbuka. Asubuhi ile walibadilisha maneno, mwongozaji akatutangazia sote akiwa amenipa mgongo. Mimi nikatikisa kichwa kama wengine. Ilikuwa pale ambapo binti anaingia dukani kusema kwamba mtihani wake amefaulu. Kumbe wamegeuza, sasa amefeli. Binti akasema yake akiwa ameinama, nywele zote usoni. Mimi nikapiga makofi, nikaimba, nikamzungusha dukani kama bibi harusi. Watu wakacheka wakidhani natania, halafu wakaacha kucheka.

Wakarudia. Safari hii nikamtuliza, nikachukua pasi, nikanyoosha shati huku nalia, na nikajua nalia vizuri. Nililia muda mrefu. Nilipoinua macho kamera ilikuwa imeshazimwa, taa mbili zimezimwa, mtu wa vyombo anakunja waya, na wote wamesimama wananitazama. Mwongozaji alikuwa amesema "basi" mara tatu. Nilikuwa nalia peke yangu ndani ya duka la mbao.

Mtayarishaji amenipa wiki moja ya kupumzika. Amesema kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. Mshona mavazi ameniambia kwamba Jumatatu wanamjaribisha mwigizaji mwingine, na amepima gauni langu, linamtosha. Jumanne niende ofisini tukazungumze. Miaka thelathini na moja nimesubiri nisimame katikati, dada. Nimesimama siku tisa.

Sijui nikawaambie nini.

Mdogo wako

10 Julai

Mdogo wangu,

Umekuwa bibi tangu Jumanne iliyopita. Mtoto wa kike, ana mapafu ya chuma, hata mimi namsikia.

Barua hii naituma kwa basi la asubuhi, na shemeji yako atakutumia ujumbe wa simu uichukue ofisini kwao kabla ya Jumanne. Usiende kule kujitetea. Usiende kulia, kwa kulia wanajua unaweza. Waambie, "Sisikii, na hivi ndivyo ninavyofanya kazi." Kiwandani msimamizi mpya akija hatukumwomba atuhurumie. Tulimwambia asimame wapi ili tumwone mdomo, akasimama.

Halafu waulize swali hili. Mjane wenu anafua nguo za watu, sawa, na kabla ya kufua alikuwa wapi? Duka zima linanguruma mashine na yeye anajibu kila mteja, hawajashangaa? Mpe kiwanda changu. Mpe mitambo, mpe bega la kushoto, mpe sikio lililokufa, mpe mdomo tuliomsengenyea mama. Zamani uliniibia. Leo nakupa mwenyewe kwa mkono wangu, mbele ya shemeji yako shahidi.

Nyanyua kichwa. Kofia ya mtoto imefika, inamtosha mguuni.

Dada yako

28 Agosti

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena, na hongera ya mjukuu. Nimeibandika picha yake kwenye kioo cha chumba cha kujipodolea. Mpambaji wetu anasema ana paji la uso kama langu, maskini.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye sanduku la mavazi, tunasubiri umeme urudi. Kwa hiyo unajua tayari kwamba bado niko kazini. Sikutaka uisome barua nzima na roho juu.

Jumanne ile niliingia ofisini, mtayarishaji akaanza ule upole wake. Nikamwambia naomba dakika tano za kuonyesha jambo, twende studio. Tukashuka na mwongozaji, na mwandishi wa mswada pia, amebeba chai yake. Nikaomba mashine zote tatu ziwashwe. Nikawaomba wao waingie chumba cha mtu wa sauti, kile chenye kioo kinene, wafunge mlango na wazungumze lolote. Mimi nikabaki dukani kwangu, taa nyuma yangu, nikanyoosha shati.

Walikaa kwanza kama wanafunzi walioitwa kwa mwalimu mkuu. Halafu wakajisahau. Mwongozaji akamwambia mtayarishaji kitu, mtayarishaji akashika kidevu, mwandishi akaingilia. Walipotoka nikazima mashine, nikawasomea. Nilimwambia mwongozaji, "Wewe umesema, 'Yule mwingine ni mzuri ila anacheza mama, huyu ni mama.' Wewe mtayarishaji umesema, 'Na akikosea mbele ya wageni, nani atamwambia? Mimi siwezi, mama yangu ni wa umri wake.' Na wewe mwandishi umesema chai imepoa."

Macho ya mwongozaji yalikuwa mekundu. Mtayarishaji akavuta kiti, akaniuliza, kwa mara ya kwanza, nataka watu wasimame wapi. Nikampa maagizo yako, moja baada ya jingine, mpaka la masharubu. Mtu wa kamera amenyoa, dada! Msichana wangu amefunga nywele nyuma. Sasa tukianza kurekodi msaidizi anainua kitambaa chekundu mahali ninapokiona, na "basi" ni taa ndogo pembeni ya kamera. Maneno yakibadilishwa ninaandikiwa. Vifaa vyangu navivaa wazi, na vya mjane ni hivyohivyo.

Mwandishi alichukua kile kiwanda kama mtu mwenye njaa. Mjane sasa alifuma nguo miaka thelathini na minane. Amenihoji siku tatu, nami nilipokwama nilimwambia nitamuuliza mwenye mali. Kwa hiyo nakuuliza: uzi ukikatika mlikuwa mnainua mkono gani? Bega la kushoto nimelitumia, lakini halichekeshi. Nimehakikisha. Kuna mteja aliandikiwa alicheke katika kipindi cha tatu, nikakataa kurekodi mpaka walipolitoa.

Kipindi cha kwanza ni tarehe tatu Novemba. Uangalie hata kwa jirani. Dakika ya mwisho kabisa usiinuke kwenda jikoni. Nakuomba.

Mdogo wako

5 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mkono wa kulia. Uzi ukikatika tunainua wa kulia, wa kushoto unabaki kwenye kitambaa. Uliinua wa kulia, kwa hiyo uliipata barua yangu ya Septemba, ingawa hukujibu, na najua ulikuwa na kazi.

Niliwaita wenzangu wa zamu ya asubuhi. Tumebaki sita, ukimhesabu yule tuliyemwita Bobini, kile kigurudumu cha uzi, kwa sababu hakuacha kuzunguka, na sasa anatembelea fimbo mbili. Walikuja mapema wakaijaza sebule, shemeji yako akahamia kwenye kigoda na goti lake. Mjukuu alilala kifuani kwangu. Televisheni ikawashwa.

Jina lako lilianza. Bobini alilisoma kwa sauti kubwa, akadai lirudishwe nyuma alisome tena, akaelezwa kwamba haiwezekani. Nilikutazama ukitembea dukani na bega langu. Nilijiandaa kukasirika. Nilikaa na hasira yangu tayari mkononi kama mtu anayesubiri basi, haikuja. Yule mwanamke ameegemea kushoto kwa sababu amechoka lakini hajaanguka. Hivyo tu. Nani alikuambia nilikuwa hivyo? Sikujua kama watu waliona.

Halafu ile dakika ya mwisho. Duka limefungwa, mashine zinazunguka, mjane anasogea dirishani, anatazama moja kwa moja tulipo. Midomo ikaanza kucheza, sauti hakuna, ni ngurumo tu. Shemeji yako akauliza, "Sasa huyu anatafuna nini?" Sisi sita tulikuwa tumeshaisogelea televisheni. Nadhani nchi nzima ilidhani unasali.

Ulisema, "Dada, nilikuchukua bila kukuuliza, wakakucheka. Nisamehe." Mkono ukauweka kifuani.

Wote sita tulikusoma. Bobini aliweka kikombe chini, akanigeukia, akaniambia kwa mdomo wetu, bila sauti, kwa sababu mtoto amelala, "Mjibu." Nikamwambia, "Atanionaje akiwa ndani ya televisheni?" Akasema, "Mjibu hivyohivyo." Nikajibu. Wale watano wakalia, na mimi nikawatazama wanavyolia kwa muda, kisha nikaungana nao. Shemeji yako anadai tumekula njama dhidi yake.

Katika barua zote hizi hukuliandika neno hilo la kuniomba radhi hata mara moja. Nilikuwa nafungua kila bahasha nikilitafuta, na nilikuwa nimejiapiza kwamba sitaliomba. Kumbe ulikuwa unalitafutia mdomo wake. Ni sawa. Kwa maandishi nisingeliamini.

Sasa na mimi nitubu. Televisheni haijawahi kuharibika, hata siku moja, na pasi ninayo tangu niolewe. Ndani ya kabati, chini ya mashuka, nina daftari. Nililianza siku uliyoonekana mara ya kwanza, na hata mwaka ule wa Mama Sirudii sikuliacha, niliandika tu kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Nesi, dakika mbili, alisema maneno sita. Karani, dakika moja, amekonda. Jirani, dakika nne, viatu vizuri. Amekufa, vizuri kuliko mara iliyopita. Yako yote yamo, miaka thelathini na moja. Juzi nilifungua ukurasa mpya nikaandika: Mwenye duka, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mkirekodi vya kutosha, njoo umwone mjukuu wako. Nililokujibu mbele ya ile televisheni ni hili: nimekusamehe. Na kama hukulisoma vizuri, njoo ukae mbele yangu, mwanga nyuma yako, nitarudia.

Dada yako